Maswali ya Wasomaji: Mwandishi Anapokuja Dukani

Barua za mwezi huu kutoka pwani ya kaskazini zimekuwa na shabaha moja: jinsi duka dogo la vitabu linavyoweza kumleta mwandishi asome mbele ya wasomaji wake na kuwatilia sahihi vitabu walivyonunua. Nimechagua nne. Zimefupishwa, na majina ya waliotuandikia yamehifadhiwa.

Assalaam aleykum. Nina duka la vitabu mtaa wa Langoni, Lamu, ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka huishi kwa madaftari na vitabu vya shule. Nilimwalika mwandishi wa riwaya aje asome na kutia sahihi. Nilikodi viti na vipaza sauti, nikaweka meza kuu, nikawaalika wakubwa wa ofisi mbalimbali. Hotuba ziliendelea mpaka magharibi ikakaribia, mwandishi akasoma kurasa mbili huku watu wakiinuka, na vitabu tulivyouza ni vya kuhesabika. Je, watu wa Lamu hawapendi vitabu, au mimi ndiye nisiyejua kuandaa? (Mwenye duka, Langoni)

Wa aleykum salaam, ndugu yangu. Watu wa Lamu usiwatilie shaka. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa visiwa hivi hivi vyenu, alimtungia bintiye utenzi wa nasaha ambao umeghaniwa majumbani kwa vizazi, na mtu anayeghaniwa utenzi mrefu namna ile akatulia mpaka beti za mwisho hawezi kushindwa na sura moja ya riwaya. Mwaka huo huo, huko London, mwandishi wa riwaya Mwingereza, Charles Dickens, alianza kuwasomea watu kazi zake ukumbini kwa malipo, akaendelea kwa vipindi hadi Machi 1870, miezi michache kabla ya kufariki. Namtaja Dickens kwa sababu ya namna alivyofanya kazi hiyo. Hakufungua kitabu na kusoma kilivyo. Alikuwa na nakala maalumu za kusomea, ambamo alikata maelezo marefu, akaunganisha matukio, akapigia mistari maneno ya kutiliwa mkazo na kuandika pambizoni jinsi ya kuigiza sauti, kisha akafanya mazoezi mara nyingi kabla ya kutoka mbele ya watu. Kumbi zilijaa, Uingereza na Marekani, na watu walikuwa wamelipa ili wamsikie yeye.

Wako walikuja kumsikia mwandishi, wakasikilizishwa maofisa. Basi jambo la kwanza nitakalokushauri ni kuiondoa meza kuu na kuachana kabisa na desturi ya mgeni rasmi. Najua si rahisi katika nchi ambayo hata uzinduzi wa tangi la maji una mgeni rasmi. Hata hivyo, mkubwa akija, mpokee kwa heshima zote, mkalishe mbele, mpe kahawa na umtaje kwa jina unapowakaribisha watu, kisha umwache asikilize kama wenzake. Maneno yako ya ukaribisho yasizidi dakika tatu: mwandishi ni nani, ameandika nini, vitabu vinauzwa wapi na kwa bei gani.

La pili ni wakati. Kwenu mna nyakati mbili zinazofaa, na zote zinapangwa na sala. Ukianza saa kumi na nusu, baada ya alasiri, una muda wa kutosha mpaka magharibi, na adhana yenyewe itakufungia mkutano bila ya wewe kumkata mtu kauli. Ukitaka usiku, anza baada ya isha, watu wakiwa wametulia na joto limepoa. Wakati wa alasiri huwafaa zaidi kina mama wengi na wanafunzi. Wakati wa usiku huwafaa wenye maduka na mabaharia. Mwezi wa Ramadhani, ambao baada ya isha watu wako kwenye tarawehe, ni bora uuache upite.

Sasa usomaji wenyewe. Mwombe mwandishi achague vipande viwili visivyozidi dakika ishirini kwa jumla, na umwombe mapema, si siku anaposhuka gatini. Ukurasa wa kawaida wa riwaya huchukua kama dakika mbili au tatu kusomwa kwa sauti, kwa hiyo dakika ishirini ni kurasa saba hadi kumi tu, na waandishi wengi hudhani ni nyingi zaidi ya hapo. Kipande kizuri cha kusoma ni kile chenye watu wanaosemezana na jambo linalotokea. Maelezo ya mandhari, hata yawe mazuri kiasi gani, humezwa na masikio. Asisome mwisho wa kitabu. Akikatiza pale ambapo msikilizaji anataka kujua kilichofuata, kitabu kitanunuliwa.

Baada ya hapo ni maswali, na hapa ndipo mikutano mingi hupooza, kwa kuwa hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Wewe mwenye duka ndiye uulize la kwanza, nawe uwe umekisoma kitabu. Uliza jambo dogo na mahususi: kwa nini mhusika fulani hakurudi kwao, au ile safari ya chomboni mwandishi aliisikia kwa nani. Swali la "ulipata wapi msukumo wa kuandika" huzaa jibu ambalo mwandishi ameshalitoa mara mia. Anayesimama na kugeuza swali lake kuwa hotuba, mkate kwa upole na umwombe aje kwenye foleni ya sahihi akamalizie huko.

Mahali, kama wasikilizaji hawazidi thelathini, ni dukani pako penyewe. Sukuma rafu za madaftari ukutani, tandika mikeka mbele na viti nyuma, na kipaza sauti ukiache. Watu wakiwa wengi zaidi, omba Ngome iliyopo hapo mjini, ambayo ilikuwa gereza hadi 1984 na sasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ua wake umezoea mikusanyiko. Lakini ukumbi ukiwa mbali na duka, vitabu hamna budi kuvibeba, na faida ya mtu kupitisha macho kwenye rafu zako nyingine akisubiri foleni itapotea. Mimi ningeanza na duka. Meza ya sahihi tu usiiweke mlangoni: vichochoro vyenu ni vyembamba na punda hawangoji maswali na majibu yaishe.

Foleni ya sahihi ina ufundi wake, na ningependa niueleze kwa urefu kidogo kwa sababu ndiyo sehemu ambayo mteja huikumbuka. Anayenunua alipe kwanza, kwa meza nyingine, kwa fedha taslimu au kwa nambari ya malipo ya M-Pesa ya duka, ili mwandishi asishike senti wala asitafute chenji. Akishalipa, msaidizi amwulize kitabu ni cha nani, aandike jina hilo kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi, na akibane kikaratasi hicho kwenye ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu, ambapo ndipo sahihi hutiwa kwa kawaida. Mwandishi akipokea kitabu hufungukia hapo hapo, na jina liko mbele ya macho yake. Hili si urembo. Kuna Saleh na kuna Swaleh, kuna Khadija na kuna Hadija, kuna Aisha, Esha na Mwanaisha, na nakala iliyoandikwa jina kwa makosa haimfai mwenyewe wala haiuziki kwa mwingine. Kalamu iwe ya wino unaokauka upesi, ijaribiwe kwanza kwenye karatasi ya kitabu chenyewe, kwani karatasi ya kung'aa hukataa wino wa baadhi ya kalamu, na katika hewa yenu yenye unyevu wa bahari ukurasa ukifungwa mapema sahihi huhamia upande wa pili. Weka vipande vya karatasi kavu vya kufunikia. Weka na kitambaa cha kupangusia mikono, maana halwa haielewani na kitabu kipya.

Vitabu viagizwe mapema, kwani vina barabara ndefu ya kupita kabla ya kufika Mokowe na kupandishwa mashua. Mwombe mchapishaji akupe kwa mali kauli, yaani nakala zisizouzwa zirudi kwake, na umwulize waziwazi kama atapokea nakala zilizotiwa sahihi. Wako wanaozikataa kwa kuwa hawawezi kuziuza tena kama mpya. Asipozipokea, tenga kwanza za kurudisha, zifungwe kwenye nailoni, halafu mwandishi atie sahihi zile chache utakazobaki nazo mwenyewe. Wageni wa Maulidi na wa Tamasha la Utamaduni watazinunua.

Bwana mjibu maswali, mimi ni mtunzi wa mashairi, na diwani yangu nimeichapisha kwa fedha zangu. Mwenye duka mmoja hapa Malindi ameniambia atanifanyia jioni ya kusoma na kutia sahihi, lakini anataka asilimia 35 ya bei ya kila nakala. Naona ni nyingi, kwa kuwa kazi yote nimeifanya mimi. Aidha, jamaa zangu watakuja kwa wingi na najua watataka nakala za bure. Nifanyeje? (Mshairi, Shela, Malindi)

Dada yangu, hongera kwa diwani. Asilimia 35 si dhuluma. Maduka ya vitabu kwa kawaida hukata kati ya asilimia 30 na 40 ya bei ya jalada, na kwa sehemu hiyo hulipa kodi ya chumba, mshahara wa msaidizi, umeme, na nakala zitakazokaa rafuni miezi bila mnunuzi. Ningekushauri uhangaikie zaidi masharti mengine, maana wengi hugombania asilimia na kusahau tarehe ya kulipwa.

Tuchukue mfano. Bei ya jalada ni shilingi 1,000, nawe umempelekea nakala 40. Zikiuzwa 18, stahili yako ni shilingi 650 kwa kila moja, yaani shilingi 11,700, na nakala 22 ama zinabaki kwake ama zinarudi kwako. Gharama ya kuchapa utaitoa katika hizo 650, kwa hiyo kama kila nakala ilikugharimu 500 kwa mchapaji, bei ya 1,000 ni ndogo mno na hapo tatizo si mwenye duka. Andikianeni karatasi moja, hata kwa mkono, yenye idadi ya nakala alizopokea, bei, sehemu ya kila mmoja, siku ya kuhesabu, siku ya kulipa, na nani anabeba hasara ya nakala zilizochafuka au kupotea. Tieni sahihi nyote wawili, kila mmoja abaki na nakala yake. Kuandikiana hakupunguzi udugu wala uungwana. Waislamu na Wakristo wa Malindi wote wana maandiko yanayowasisitizia kutimiza ahadi.

Kuna jambo ambalo hukulitaja: je, diwani yako ina ISBN, yaani nambari ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu? Hapa Kenya hutolewa na Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa, na utaitambua kwa 9966 au 9914 zinazofuata baada ya 978. Bila ya nambari hiyo duka la jirani litakupokea kwa hisani, lakini duka la Mombasa au Nairobi litapata taabu kukiandikisha kitabu na kukiagiza tena. Duka kama Nuria la Nairobi, ambalo limejipatia jina kwa kuuza vitabu vya waandishi wanaojichapishia, linaweza kuwa hatua yako ya pili baada ya jioni hii.

Ama jamaa, hao ni wako na ni lazima uwape, lakini uwape nyumbani. Kabla ya siku ya mkutano, toa nakala kwa wazazi, kwa mwalimu wako wa utunzi na kwa wale wawili watatu waliokusaidia, uwatilie sahihi kwa raha zako. Dukani usitoe hata moja. Msomaji aliyelipa akimwona binamu yako akiondoka na nakala ya bure, atajiona ameonewa, naye mwenye duka atakuwa amepoteza sehemu yake kwa ukarimu usio wake. Binamu akikusogelea mezani na kukunong'oneza, mwelekeze kwa msaidizi anayepokea malipo, umwambie kwamba vitabu vya hapa ni vya duka. Ni kweli tupu.

Kuhusu usomaji, wewe una bahati kuliko mwandishi wa riwaya, kwa kuwa shairi la arudhi, lenye vina na mizani, lina mahadhi yake na watu wa Malindi wanayajua. Ghani mashairi matano au sita, si zaidi. Kati ya shairi na shairi eleza kwa sentensi mbili lilivyokujia, kisha uanze. Usilifafanue kabla ya kulighani. Anayetaka maana atauliza. Na wakati wa kutia sahihi, jina la mnunuzi, sahihi yako, tarehe na neno Malindi vinatosha. Washairi wengine hujitutumua kumtungia kila mtu ubeti papo hapo, na mtu wa kumi kwenye foleni hukata tamaa akaenda zake.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Malindi. Mwandishi wa kitabu tunachosoma darasani anakuja dukani wiki ijayo. Nina nakala niliyorudufu dukani kwa mashine, na kaka yangu ana nakala kuukuu aliyoinunua kwa mtu. Naweza kupeleka ipi? Tena nimesikia kitabu chenye sahihi huwa ghali. (Mwanafunzi)

Marahaba, mwanangu. Peleka ile ya kaka yako. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakimwaibishi mwandishi. Wengi huchekelea wakiona kona zilizokunjwa na maandishi ya penseli. Ile uliyorudufu iache nyumbani, kwani mwandishi hakupata hata senti kwayo na kumwomba aitilie sahihi ni kumwomba aidhinishe hasara yake mwenyewe. Kwa adabu, kabla ya kuingia foleni na kitabu kisichotoka hapo, mwulize mwenye duka kama anaruhusu. Wengi huruhusu, hasa ukinunua japo kalamu.

Kuhusu ughali, usiweke matumaini. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa sahihi ya mwandishi mashuhuri kwenye nakala ya chapa ya kwanza iliyo safi, na kitabu cha darasani kilichochapwa mara nyingi si hicho. Mwombe aandike jina la kaka yako. Chake ni chake.

Mwalimu mwenzangu, mwandishi tuliyemtaka yuko Uingereza na hawezi kufika Lamu. Tumefikiri badala yake tufanye jioni ya kughani tenzi za kale za Pate na Lamu dukani, pamoja na mashairi machache ya washairi walio hai. Je, sheria inaturuhusu? Na yule wa Uingereza tumwache tu? (Mwalimu, Mkomani, Lamu)

Usimwache. Margaret Atwood, mwandishi wa Kanada, alibuni mashine iitwayo LongPen, ambayo ilionyeshwa mwaka 2006 na kumwezesha mwandishi kuandika kwenye kioo mahali alipo, na kalamu upande wa pili ikaiga mkono wake juu ya kitabu. Ninyi hamuihitaji. Mwombe mwandishi atie sahihi vibandiko vidogo vya karatasi, avitume kwa bahasha moja, nanyi mvigandishe ndani ya jalada la kila nakala inayouzwa. Bahasha ni nyepesi kuliko katoni ya vitabu. Siku ya mkutano aongee nanyi kwa simu ya video kwa robo saa ikiwa intaneti itakubali, na awe pia amewatumia sauti yake iliyorekodiwa mapema, kwa maana intaneti huchagua kukatika wakati kama huo.

Kuhusu tenzi, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda kazi ya fasihi katika maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Mwana Kupona na wa kabla yake wako nje kabisa ya muda huo, kwa hiyo tungo zao ghanini mtakavyo. Walio hai ni jambo jingine. Sheria hiyo inamruhusu mtu mmoja asome au aghani hadharani sehemu ya kadiri ya kazi iliyokwisha kuchapishwa, mradi amtaje mwenye kazi; haikusema shairi zima, wala kikundi. Lakini mshairi wenu aliye hai huenda anakaa hatua chache kutoka dukani. Mwendeeni nyumbani, mwombeni idhini, na mumwombe aje aghani mwenyewe.

Angalieni pia kitabu mtakachoshika mkononi. Utenzi wa kale hauna mwenyewe, ila utangulizi, maelezo na tafsiri zilizoandikwa na mhariri wa karibuni zinaweza kuwa bado ziko chini ya hakimiliki. Someni beti, hayo maelezo myaeleze kwa maneno yenu, na jina la mhariri mlitaje mwanzoni. Na kama kitabu chake bado kinachapwa, mwenye duka aagize nakala kumi aziweke juu ya meza.